Jumamosi: sukari na mwanga, Chake Chake

Asalaam aleikum walimu. Jumamosi saa 3 asubuhi tunarudia jaribio la 1815 la Biot, mwanafizikia Mfaransa aliyeonyesha kwamba maji ya sukari huzungusha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Kila mmoja aje na sukari gramu 50. Iyeyushe kwanza, kisha ongeza maji hadi vyote vifike mililita 100. Ukitia maji mililita 100 juu ya sukari, hesabu imeharibika. Vichujio viwili vinavyopitisha mwanga wa upande mmoja tu, kimoja chini ya chombo na kimoja juu, hupangwa kwanza mpaka giza; ukiweka maji ya sukari kati yao, mwanga hupita tena. Kwa kina cha sentimita 10 na taa ya sodiamu (mwanga wa manjano), kichujio cha juu kizungushwe takriban nyuzi 33 kulia ndipo giza lirudi. Viputo vikibaki, giza halikamiliki.

Fuwele za chumvi ya tartariki, ambazo mkemia Pasteur alizichambua kwa mkono mwaka 1848 kutenga za kulia na za kushoto (zinafanana kama kitu na taswira yake kiooni), hatuzigusi bila ya barafu. Joto likipita kama nyuzi 27, molekuli za kulia na za kushoto huganda ndani ya fuwele moja, hakuna cha kuchambua. Na joto la Pemba mnalijua.