Sifuri ya Idrisa

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za Bi Mkubwa zifikishe leo, zisilale mkobani kama zile za Idd. Sisi wazima. Kuchelewa nimechelewa, maneno yako nitayasikia.

Karatasi ya Idrisa nimeiona, ile ya mchezo wa kupanga tarakimu na kutoa, kila jawabu likirudiwa hivyohivyo mpaka kufika 6174. Mtoto anajua kutoa, na mchezo haujaharibika. Kilichomtia machozi ni sifuri. Alianza na 2111. Akapanga tarakimu kubwa kwenda ndogo, 2111, kisha ndogo kwenda kubwa, 1112, akatoa, akapata 999. Hapo ilibidi aandike 0999, maana mchezo ni wa tarakimu nne mpaka mwisho. Yeye akafanya 999 toa 999, ikawa kwisha. Aendelee hivi: 9990 toa 0999 ni 8991. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358 ni 6174, na hapo hatoki tena, kwani 7641 toa 1467 ni 6174 ileile.

Namba yoyote ya tarakimu nne hufika humo kwa hatua zisizozidi 7, ila zile kama 4444. Mpe mwaka aliozaliwa, 2014. Mwaka huo utamchukua hatua zote 7, lakini usimwambie! Na wifi yako anayedai huu ni uganga, mjulishe aliyeligundua jambo hili mwaka 1949 ni mwalimu wa shule wa Devlali, India, D. R. Kaprekar.

Ukaguzi je? Kila jawabu, jumla ya tarakimu zake lazima igawanyike kwa 9: 8532 inatoa 18. Kuhamisha tarakimu hakubadili salio la kugawa kwa 9, kwa hiyo ukitoa, masalio yanauana. Isipogawanyika, amekosea kuazima. Ila sifuri iliyodondoka haikamatwi hivi, 999 na 0999 zote ni 27. Ndiyo maana nasema aiandike!

Humohumo mna mchezo wa kumfungia mjomba wake mdomo. Mjomba aandike namba, tuseme 5283, azichanganye tarakimu, 3825, atoe ndogo kwenye kubwa: 1458. Afiche tarakimu moja, asome zilizobaki. Akisoma 1, 4, 8, ni 13; kufika 18, inayogawanyika kwa 9, pamepungua 5, ndiyo aliyoficha. Idrisa amkataze mapema kuficha sifuri, la sivyo zilizobaki zikileta 9 au 18 hatajua kama ni 0 au 9.

Lile la Mwajuma tutaongea, si la kuandika.

Sasa nijibu: daftari lake lina miraba, au anaandika ovyo nguzo zinapishana? Kwenye 8820 toa 0288 anaazima sawasawa? Ana kete za bao, nimtumie mchezo mwingine? Na likizo mnakuja, au ndiyo yaleyale ya mwaka jana?

Wako,
Saada