Tuichague rangi ya poliurethani tukijua kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linaloniumiza kila ninapoitwa kukagua chuma ambacho rangi yake imebanduka kabla ya wakati. Mwenye jengo, ngazi au geti akishaambiwa kwamba rangi ya poliurethani ndiyo inayodumu, huinunua, humkabidhi fundi, kisha huamini kwamba ameagana na kutu. Rangi hiyo ni bora kweli, nami huipendekeza mara nyingi, lakini wengi huichagua bila kufahamu inazuia nini na haizuii nini.

Kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937, na leo rangi za jamii hiyo hupakwa kwenye ndege, mabehewa, madaraja na sehemu za meli zilizo juu ya maji. Ile tunayoitumia zaidi kwenye vyuma huja katika makopo mawili: moja lina rangi yenyewe, na jingine lina hadina, yaani kigumishaji, ambayo ndani yake mna kemikali iitwayo isosianati. Vikichanganywa, huungana na kuwa utando mmoja mgumu, usiochubuka upesi na unaostahimili mafuta na kemikali nyingi.

Hata hivyo, sifa yake kubwa kuliko zote ni kulihimili jua. Rangi ya epoksi hushika chuma vizuri sana na huzuia maji kupenya, lakini ikiachwa juani hufifia na kutoa unga mweupe unaobaki kiganjani ukiigusa. Poliurethani ya aina ya alifatiki hutunza rangi na mng'ao wake kwa miaka mingi, ilhali ile ya aromatiki hugeuka njano, kwa hiyo mnunuzi wa rangi ya nje asione haya kuuliza anauziwa ipi. Ndiyo maana katika kazi za chuma zinazofanywa kwa utaratibu, mkono wa kwanza huwa rangi ya msingi, mara nyingi yenye zinki, unafuata mkono wa epoksi, na poliurethani hupigwa mwishoni, kwa kawaida maikroni 50 hadi 75 ikishakauka. Huo ni unene unaokaribia ule wa unywele mmoja. Sioni ni kwa haki gani tunautwika utando mwembamba hivyo kazi ya kuzuia kutu peke yake, tena juu ya chuma ambacho hakikusuguliwa.

Nimewahi kuitwa kutazama ngazi ya nje iliyovimba malengelenge muda mfupi tu baada ya kupakwa, na mwenyewe alikuwa tayari kumshitaki aliyemuuzia rangi. Nilipokwangua kwa kisu, rangi ilitoka vipande vipande ikiwa ngumu na yenye kung'aa bado, na chini yake kulikuwa na kutu ya zamani ambayo fundi aliipangusa kwa kitambaa tu.

Unyevu nao huiharibu rangi hii ikiwa bado mbichi, kwa sababu isosianati ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na matokeo yake ni vitundu, mapovu na uso uliofifia. Chuma kinachopakwa kinapaswa kuwa na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikilifikia umande huanza kutua, kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, kwa hiyo fundi anayeanza alfajiri chuma kikiwa kimelowa umande anapoteza mali ya mwenyewe. Vilevile hadina hupimwa kwa chombo kama karatasi ya maelekezo inavyosema, haikadiriwi kwa macho, na mchanganyiko ukishaanza kuwa mzito baada ya saa chache, kuuongezea thina hakuurudishii uhai.

Linalonihuzunisha zaidi ni afya ya mafundi. Isosianati husababisha pumu, na mtu ambaye mwili wake umeshaanza kuikataa anaweza kushikwa na shambulio hata kwa kiasi kidogo mno. Kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii kitu. Anayepiga rangi hii kwa bunduki anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, zinadai mafunzo maalumu kwa mafundi na wafanyakazi kabla ya kutumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya diisosianati huru, yaani aina ya isosianati ambayo bado haijaungana na kitu kingine. Mwenye kazi asiyetaka kugharimia kinga hiyo ni afadhali achague rangi nyingine.

Na zipo kazi nyingi ambazo hazihitaji poliurethani. Chuma kilicho ndani, kisichopigwa na jua, hutoshwa na epoksi, na kwenye rangi ya zamani ya mafuta, poliurethani inaweza kuikunja na kuibandua.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wasitoe kopo la rangi hii bila kopo la hadina yake na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma fundi, na kabla ya kupokea fedha wamuulize mnunuzi swali moja: chini ya rangi hii kutakuwa na nini?

Wako,
Fundi rangi, msomaji wa gazeti lako