Asante uliyenielekeza kuchora milima

Ndugu uliyenielekeza kuchora milima kwenye tableti, jina lako silijui, lakini asante sana. Uliniambia nianze na ya mbali, kila safu kwenye tabaka lake, yaani kama karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine: ya nyuma iwe hafifu na ya kibuluu, ya mbele iwe nzito. Na sababu ukanipa: hewa iliyo kati ya jicho na mlima hutawanya mwanga wa buluu, hivyo kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo unavyofifia. Mchoraji Leonardo da Vinci aliliandika hilo zamani, tena bila kitufe cha kutendua!

Kilichonifaa zaidi ni ukungu. Brashi kubwa laini, ukolezo wa rangi asilimia 10 hivi, unaipitisha chini ya mlima, kileleni huigusi. Kilele kinabaki kikali, chini panayeyuka, mara bonde hilo hapo. Theluji nayo: upande wa jua nyeupe yenye unjano kidogo, upande wa kivuli buluu.

Miti siisemi, bado inanitoa jasho. Ila milima sasa inasimama. Mungu akubariki popote ulipo, na ukipata nafasi, tufundishe na maji.