Barua kwa mwanangu mwalimu: sadaka ya kukopa

Sikonge, Tabora

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, ila mama yako bado anachechemea, na shambani haachi kwenda. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, ukiguswa jambo usilolipenda, mtandao wako hukatika.

Mdogo wako ametuambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Kwamba umekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mitaani, kadi yako ya benki na namba ya siri vikabaki kwa mkopeshaji, na fedha yote ukampelekea mtumishi anayehubiri sadaka ya kupanda mbegu, eti utoe ili Mungu akujibu, upate uhamisho umfuate mumeo. Mama, unamtolea Mungu deni?

Sina ugomvi na utoaji. Mshahara wako wa kwanza uliuleta ushirikani malimbuko, mchungaji akakuombea mbele ya watu, na wazee wenzangu wakanisifia wee mpaka nikaona aibu, ingawa sikuwanyamazisha. Lakini zile zilikuwa fedha zako, umezifanyia kazi. Hizi za juzi si zako hata leo. Paulo anawaambia Wakorintho, waraka wa pili sura ya 8, kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Hayo maneno ya mwisho yasome tena. Na yule mjane wa senti mbili alitoa riziki yake yote, lakini hakupitia kwanza kwa mkopeshaji ili sadaka yake ionekane nene.

Wewe umekulia kwenye mizinga, basi nikupe la nyuki. Walawi sura ya 2 inakataza asali isiteketezwe madhabahuni. Mstari unaofuata unaruhusu iletwe kama malimbuko, na wakati wa Hezekia watu waliileta kwa wingi pamoja na nafaka, divai na mafuta. Asali ni ileile. Mtu angeweza kubisha: kitu kitamu hivi, cha thamani hivi, kwa nini kikataliwe motoni? Walitii tu. Aliyejifanya anajua zaidi ni Sauli, akabakiza kondoo na ng'ombe wanono wa Waamaleki eti wa kumtolea Bwana, na Samweli akamwambia kutii ni bora kuliko dhabihu. Ufalme ukamponyoka akiwa na dhabihu zake mkononi. Mungu hajakuagiza ukope. Aliyekuagiza ni mwenye kipaza sauti.

Jumapili ya mavuno bibi mmoja alileta mayai manne kwenye kopo la rangi, katikati amejaza maganda ya karanga yasije yakavunjika njiani. Mnadani vijana wakashindana, yale mayai yakapita bei ya jogoo. Mwenyewe alikwishaondoka, ana wajukuu wa kupikia. Siku hizi kamati imekataa tusitangaze majina na kiasi. Enzi zetu sisi tulitangaza, na wenye kidogo wakahamia viti vya nyuma karibu na mlango. Hilo tuliache.

Tena uhamisho una njia yake. Umejaza maombi kwenye mfumo wa watumishi? Mwalimu mkuu amepitisha? Ulipotuma mbegu ulikumbuka kutuma na hayo?

Sisemi ungetuma nyumbani. Sikudai, na sijawahi kukudai. Mama yako ndiye jana usiku alisoma Marko 7, pale penye Korbani, mtu anapowanyima wazazi wake msaada kwa kusema mali hiyo ni sadaka kwa Mungu, kwa sauti, halafu akairudia. Mguu wake utapona.

Sasa hiyo kadi. Nenda benki ukaizuie, wakupe nyingine, na namba ya siri usimpe mtu, hata awe na mafuta ya upako. Lakini usimkimbie mkopeshaji. Riba yake inaweza kuwa ya dhuluma, ila fedha aliyokupa ulipokea, na Warumi 13 inasema tusiwiwe na mtu chochote. Mwombe akuonyeshe leseni ya Benki Kuu; tangu sheria ya 2018 anatakiwa awe nayo. Kama hana, utaona mwenyewe atakavyokuwa mpole kwenye mazungumzo ya riba. Na mumeo anajua? Kama hajui, mwambie kabla mdogo wako hajabanwa na yeye.

Tumbaku tumeuza, malipo bado. Yakija, AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inakata pembejeo kwanza, kwa hiyo usiitegemee. Asali nimebakiza ndoo mbili. Zilikuwa za bati la jiko, maana upande wa kuni unavuja, lakini jiko litasubiri masika mengine. Nitampa dereva wa basi. Uza kwa walimu wenzako, na usiwalegezee bei, hii ni ya msituni kabisa, haijachanganywa na sukari. Zaka yake nimeshaitoa hapa, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ina sehemu ya mtumishi. Yote ni ya deni.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Yule mpangaji wa chumba cha nje amehama na kitasa chetu.

Jumamosi jioni nitakuwa senta, ndiko mtandao unashika. Nipigie ukiwa na karatasi ya mkopo mkononi, uniambie ulichochukua, ulichokwisha lipa na kilichobaki. Usinipunguzie hata shilingi.

Mimi baba yako