Halima, nipitie Mai Mahiu

Halima dada yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo Section 58. Sisi huku Nairobi tu wazima, ni baridi tu inayotutia adabu. Najua nimenyamaza tangu harusi ya Rukia na una haki ya kuninunia, lakini ninunie baadaye. Nina shida, na katika watu wangu wote ni wewe unayepanda na kushuka njia ya Nakuru kila mara.

Nina mkebe wangu nimeuficha chini ya jiwe kule Mai Mahiu. Usicheke kwanza.

Chanzo ni Amina wa Exeter. Unamjua Amina, akipata kitu kipya lazima ukoo mzima ukipate. Safari hii ni mchezo wa visanduku, letaboksi. Unaficha kisanduku mahali pazuri, ndani unaweka daftari na muhuri wa kuchonga kwa mkono, kisha unatoa mafumbo ya njia. Anayekifumbua anagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake na muhuri wake kwenye daftari la kisanduku, anakirudisha palepale na kufunga mdomo. Amina anasema ulianzia Dartmoor mwaka 1854, mzee mmoja, James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwenye nyika ile, alipoacha chupa pale Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha postikadi zenye anwani, na anayefuata kufika anazichukua akazitie posta. Baba Tito aliposikia hivyo akasema hapa kwetu huyo anayefuata angekupigia simu kwanza umtumie nauli.

Lakini ni yeye huyo aliyetuendesha Jumamosi nzima! Tuliikata kushoto Rironi, tukaacha ile njia ya juu ya Kimende, tukashuka na ile ya zamani. Halima, barabara hii tumeipita miaka mingapi, na kila mara ni mazishi au mahari, vioo vimefungwa, mtu mmoja nyuma anatapika. Sijawahi kusimama pale juu hata dakika moja. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, tukakaa na wale vijana wanaouza ngozi za kondoo na kofia za manyoya ("karibu mama, kuangalia ni bure"), tukala mahindi ya kuchoma. Ukungu ulipopasuka, Bonde la Ufa likajitandaza lote chini yetu na mlima Longonot katikati. Baba Tito, mtu asiyesimama njiani hata akibanwa na mkojo, alizima gari mwenyewe.

Mafumbo niliyaandika kwa vitendawili, maana hayo ya Amina ya digrii na dira nani atayaweza? La kwanza: nyumba yangu ndogo, wafungwa waliijenga, wasafiri huiingia. Umeshalijua, lile kanisa la Waitaliano chini ya mteremko, la mwaka 1942. La pili: amekatwa kichwa na bado amesimama. Tito alikisia kuku, akakisia mnazi, mpaka nikamgeuza shingo atazame Longonot. Ukishayapata hayo mawili, lipe kanisa mgongo, elekea kwa huyo asiye na kichwa hatua 30 za mtoto, utaona jiwe lenye ufa na kichaka cha miiba. Hapo.

Sasa shida yangu. Nasikia barabara ya Rironi hadi Mai Mahiu nayo imo kwenye ule mpango wa upanuzi. Tangu nisikie nimekuwa nikiona tingatinga usingizini. Mkebe wenyewe ni wa aiskrimu, haunisumbui. Kinachonisumbua ni muhuri.

Muhuri ule aliuchonga Mzee Okumu, fundi viatu wa hapa steji. Nilimpelekea kifutio cha shule, akakitazama kama nimemtukana, akachomoa soli ya ndara iliyoisha. Akachora nyani kwa kalamu ya bluu, nyani amebeba sanduku la safari kichwani, kisha akaanza kutoa raba pembeni ya mstari kwa ncha ya kile kisu chake, kidogo kidogo, akipuliza vumbi. Wateja wanangoja viatu, yeye hasikii. Neno MAI MAHIU aliliandika kinyume, herufi zinatembea kutoka kulia, bila kioo wala karatasi. Alipomaliza akaupaka wino akaugonga kwanza kwenye kiganja chake, akacheka peke yake. Pesa alikataa. Alichotaka ni niwe namletea habari, nani amefika, amegonga muhuri gani. Na kila asubuhi nikipita kwenda kazini ananiuliza, "Mama Tito, mkebe wetu umepata wageni?" Nitamwambia umefukiwa chini ya lami? Na macho yake siku hizi si yale, sidhani atauchonga mwingine.

Halafu kuna nyani wa kweli, wale wa pale kwenye kona. Mkebe niliuosha kwa sabuni na maji ya moto, lakini Tito anaapa bado unanukia vanila. Na kuna kijana wa mbuzi aliyetukodolea macho tangu mwanzo hadi mwisho. Sheria ya mchezo inasema ufiche bila kuonekana. Nani anaweza kufanya jambo Kenya hii bila kuonekana? Nilimsalimia, hakuitikia, mbuzi ndiye aliitikia. Lakini nikipima yote, huyo kijana simwogopi. Naogopa tingatinga.

Kwa hiyo naomba ukija safari yako, uache ile njia ya juu siku moja tu. Tazama kama wameshapiga vigingi pale, au ile alama ya X nyekundu. Ukiona hata kigingi kimoja, beba mkebe wote uje nao. Usipoona kitu, uache ulipo, ila gonga muhuri. Huna muhuri, najua, weka dole gumba. Mzee Okumu atafurahi akisikia mgeni wa kwanza ni mtu wa Nakuru.

Nilitaka kukueleza na yale ya shemeji yako na kile kiwanja cha Juja, lakini hayo hayafai kuandikwa, tutakaa.

Wewe je? Goti la Mama linaendeleaje, bado anakataa fimbo? Rukia amepata nyumba au bado wako kwa mama mkwe? Yule wa Njoro alikulipa, au bado anasema Ijumaa? Ile Probox imeshapona, maana ukipanda na gari bovu nyuma ya malori kwenye mteremko ule utalala njiani? Na unakuja lini hasa? Usiniambie "hivi karibuni", hiyo nimeshaila miezi mingi. Nitajie siku, nipike pilau na nimwambie Mzee Okumu asifunge mapema.

Wako,
Mukami

N.B. Njoo na kalamu yako. Ile ya kwenye mkebe nimeiona leo ndani ya kibweta cha Tito.