Mwanafunzi wa picha atawajuaje wapigapicha wetu bila majina?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wa upigaji picha wa hapa Dar es Salaam, kisha nina ombi kwa chumba chako cha habari kuhusu majina ya wapigapicha.

Katika vyuo na kozi fupi za picha halikosekani zoezi la kumtaka mwanafunzi achague wapigapicha mashuhuri, awachunguze, aeleze wamemfunza nini. Ni zoezi zuri sana. Kinachosikitisha ni majibu. Majina ni yaleyale yanayotokea juu kabisa ukitafuta kwenye intaneti: Henri Cartier-Bresson, Ansel Adams, Annie Leibovitz. Chini ya kila jina kuna mwaka wa kuzaliwa, sifa mbili tatu, na picha zilizopakuliwa bila tarehe wala mahali. Mwanafunzi anakabidhi kazi, anapata alama zake, na hajui hata picha moja kati ya hizo ilipigwaje.

Sina ugomvi na majina hayo. Mchukueni huyohuyo Cartier-Bresson, Mfaransa. Mwenyewe alieleza kuwa picha iliyomwasha moto ni ya Mhungaria Martin Munkácsi, iliyopigwa karibu mwaka 1930 na inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Wanaonekana kwa nyuma wakikimbilia mawimbi, miili yao ni maumbo meusi matupu, na hakuna mkono wala mguu uliomezwa na mwili wa mwenzake. Hapo ndipo pa kutulia. Kwa nini maumbo hayagusani? Kwa nini ni meusi? Majibu yanapatikana Coco Beach, kwa kamera yoyote na marafiki watatu.

Ufukwe huo wa Oysterbay unatazama mashariki. Ukitaka bahari iwe na mwanga nyuma ya watu, nenda alfajiri. Wanafunzi wengi huenda jioni, wakati jua linatua nyuma ya migongo yao upande wa nchi kavu, halafu wanashangaa picha zao kuwa na nyuso zenye mwanga tele na maji yasiyong'aa. Pima mwanga kwenye anga au kwenye povu, usipime kwenye watu, ndipo maumbo yatakapokuwa meusi. Shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde, la sivyo miguu itaacha ukungu. Shuka chini, kamera iwe usawa wa kiuno au goti, ili vichwa na mikono ya wakimbiaji ivuke mstari wa upeo na ionekane juu ya anga. Piga mfululizo, maana nafasi kati ya mwili na mwili inafunguka na kufunga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Angalia pia majira ya maji. Siku za bamvua, maji yakipwa, bahari inarudi mbali na mnabaki na mchanga na mawe. Mtakimbia bila kukuta wimbi. Na msichelewe: hapa kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima, kutoka upeo hadi nyuzi 10 ni kama dakika 40 tu. Paris wakati wa kiangazi mwanga huo wa chini unazidi saa nzima, ndiyo maana ratiba ya mpigapicha wa Ulaya hainakiliwi kama ilivyo.

Huko ndiko kuchunguza ninakokusudia. Mwanafunzi akitoka hapo, jina la Munkácsi halitamtoka tena.

Picha yoyote nyingine isomwe kwa namna hiyo. Anzia machoni. Kuza picha hadi uone nukta nyeupe ndani ya mboni. Nukta hiyo ni taswira ya chanzo cha mwanga. Ikiwa juu kushoto, mwanga ulitoka juu kushoto kwa upande wako unayetazama. Ikiwa pana na ya mraba, kulikuwa na dirisha au mlango. Ikiwa ndogo na kali, ni jua au fleshi. Kisha kivuli cha pua: kinaanguka wapi, na ukingo wake umekatika kama wembe au umeyeyuka? Ukingo mkali maana yake chanzo kidogo, au kilicho mbali kama jua. Halafu tafuta urefu wa kamera. Uwanja ukiwa tambarare, mstari wa upeo unakata miili ya watu pale ilipokuwa kamera: ukipita vifuani, mpigapicha alishika kamera usawa wa vifua. Hayo matatu, mwanga, kivuli na urefu, yanatosha kuanza kuijenga upya picha ya mtu. Rangi na vichujio vya simu havina haraka.

Sasa niseme la uchaguzi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kumweka mbele Seydou Keïta wa Bamako, Mali, kuliko mwingine yeyote wa bara hili, kwa sababu alichokuwa nacho kinapatikana kwenye uwanja wa nyumba yoyote ya Magomeni. Alifungua studio mwaka 1948, akawa anapiga nje kwa mwanga wa mchana, kwa kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani. Alilibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye aliweza kujua picha ni ya kipindi gani kwa kutazama pazia lililo nyuma. Kwa kuwa negativu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipata pigo moja. Kila kitu kilipangwa kabla: bega moja mbele, mikono iwekwe wapi, saa ionekane, kanzu itandazwe.

Kumwiga ni kazi ya kitambaa kwanza. Doti ya kanga haitoshi kwa mtu mzima aliyesimama. Nunua kitenge cha yadi 6, kikate katikati, shona vipande viwili ubavu kwa ubavu. Utapata pazia la takriban mita 2.3 kwa 2.7. Lipige pasi, kwa sababu mkunjo mmoja unaonekana kuliko ua lolote lililochapwa. Chini funga ubao au mchanga kwenye mifuko, maana upepo wa bahari hauna adabu saa za mchana. Tundika upande wenye kivuli, kwenye baraza au ubavu wa nyumba, mteja atazame anga lililo wazi. Asimame nusu mita tu kutoka kwenye kitambaa.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mwanafunzi mwenye lenzi ya f/1.8, yaani yenye tundu pana la mwanga, anaifungua yote, maua ya nyuma yanayeyuka, na picha ya Keïta imekwisha kufa. Uzuri wa kazi yake ni ugomvi na mapatano kati ya maua ya gauni na maua ya pazia, na yote mawili lazima yasomeke. Anza na f/8, ambalo ni tundu dogo zaidi, shata 1/125, ISO 400 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), kisha rekebisha kufuatana na kivuli cha baraza lako. Anayetumia simu arudi nyuma hatua kadhaa na akuze mara mbili. Kamera kuu ya simu nyingi inaona kwa upana wa lenzi ya milimita 24 hadi 26, na ukiisogeza hadi mita moja kutoka usoni pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma.

Kipimo cha mwanga kinastahili maneno zaidi, kwa sababu vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ngozi nyingine. Kipimo cha kamera kinachukulia kwamba kila inachokitazama kina wastani wa kijivu. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Msimamishe mbele ya mlango wenye giza, inafanya kinyume, na ngozi inageuka jivu. Pima kwenye shavu peke yake, upande wenye mwanga, halafu punguza kama stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ili weusi ubaki weusi na mng'ao wa paji la uso usiungue. Kwenye simu, gusa uso, kisha teremsha kidogo alama ya jua. Na likwepeni jua la utosini. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la Dar linafika utosini kabisa baada ya saa sita mchana, na macho yanakuwa mashimo mawili hata kwa mtu mwenye uso bapa.

Kuna jambo la Keïta linalonifanya niwasihi wanafunzi wasiamini kioo cha simu. Picha alizowapa wateja wake zilikuwa ndogo, zimesafishwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu kwa ukubwa uleule wa 13 kwa 18. Miaka ya 1990, alipojulikana Ulaya na Marekani, zilichapwa upya kubwa mno kwa ajili ya kumbi za maonyesho, weusi na weupe ukiwa umekazwa. Nyingi mnazozipakua ni za namna hiyo ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuandika kuwa alipenda weusi mkali, uliza nakala hiyo ilichapwa lini na nani. Ukubwa wenyewe si siri: 13 kwa 18 ndiyo saizi inayoitwa 5 kwa 7 kwenye maduka ya kusafisha picha ya Kariakoo. Chapa moja, ishike mkononi kama alivyoishika mteja wa Bamako.

Wengine nawapitia haraka. J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga mitindo ya nywele, vichwa vingi vikionekana kwa nyuma, mbele ya ukuta mtupu. Mwanafunzi anayekaa jirani na saluni ya kusuka hana sababu ya kukosa somo, aanze na twende kilioni aendelee na mitindo mingine, akiweka umbali na mwanga uleule kila mara ili misuko ilinganishwe. Malick Sidibé, naye wa Bamako, alifuata vijana kwenye dansi za miaka ya 1960, akirudi anabandika vipicha vidogo kwenye majalada ili waje kuchagua. Tafuteni majalada hayo mkaone picha zilizochaguliwa na zilizoachwa. Samuel Fosso alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na vipande vya filamu vilivyobaki kwa wateja akavimalizia kwa kujipiga mwenyewe.

Na hapa nyumbani? Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alizaliwa Nairobi lakini alikulia hapa Dar es Salaam, na hapa ndipo alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Alipiga Mapinduzi ya Zanzibar mwaka uliofuata. Ng'ambo ya bahari, Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe aliiendeleza. Nauli ya boti ni ghali kwa mwanafunzi, najua, ila kutazama picha za karatasi zilizopigwa pwani hii kuna faida ambayo kioo hakitoi. Kwa wasioweza kuvuka, Nyaraka za Taifa zipo Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Maktaba Kuu ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa Afrika Mashariki ndani ya maktaba yake. Nendeni na barua ya utambulisho kutoka chuoni, penseli badala ya kalamu ya wino, na maswali yaliyoandikwa. Muhimu kati ya maswali hayo: nani alilipia picha hii? Aliyelipwa na mteja studioni, aliyelipwa na gazeti na aliyelipwa na serikali hawapigi picha moja, hata wakisimama mahali pamoja.

Hapo ndipo ninapokujia wewe, Ndugu Mhariri. Mwanafunzi akifungua magazeti yetu, ya leo na ya zamani, anakuta chini ya picha maneno "Picha na Mtandao" au "Picha ya Maktaba". Mtandao haupigi picha. Maktaba haipigi picha. Kuna mtu alisimama juani Jangwani, au alipanda juu ya gari Mnazi Mmoja, na jina lake limepotea. Kijana anayetaka kuwachunguza wapigapicha wa habari wa Tanzania wa miaka ya 1970 anakosa pa kuanzia, na anarudi kwa akina Cartier-Bresson. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa. Hilo pekee lingetosha.

Naomba mambo matatu chini ya kila picha: jina la aliyepiga, mahali, tarehe. Kwa picha za zamani, kabla ya kuichapa tena, mtu ageuze karatasi atazame mgongoni. Mara nyingi kuna muhuri au mwandiko wa penseli. Kwa picha mpya, majina mengi yanapotea njiani. Kamera ikiwekewa jina la mwenyewe kwenye mipangilio yake, jina hilo linaandikwa ndani ya kila faili, lakini mwandishi wa mkoani akituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaibana na kuyafuta maandishi hayo. Aitume kama faili la hati, siyo kama picha, na jina litafika mezani kwako pamoja na ubora wake wote.

Mwalimu wa upigaji picha,
Ilala, Dar es Salaam