Vakansi kubwa: mzazi naye anahitaji zamu ya kupumzika

Ndugu Mhariri,

Masomo yamefungwa mwezi wa Julai na hayatafunguliwa hadi Septemba. Kwa miezi hiyo miwili mtoto hana kengele wala mwalimu, na mama aliyekuwa akifanya biashara yake au akilala kidogo watoto wakiwa darasani hana tena saa hata moja iliyo yake. Kila Agosti sisi wauguzi na waalimu wa chekechea wa Lubumbashi tunawapokea wazazi waliochoka kabisa, na wengi wao wanajilaumu kwamba hawana subira. Subira wanayo. Wanachokosa ni saa za kupumzika ambazo wanajua tangu jana kwamba zitakuja. Shule ilikuwa inazitoa bila mtu kuzihesabu. Ikifungwa, inabidi zitafutwe kwingine, na kwa mitaa ya jiji letu kama Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi, ambako watu wanaishi kwa kukaribiana, hakuna mahali pa karibu kuliko lupango (ua wa nyumba) la jirani.

Zamu inapangwa hivi. Familia 4 zinazofahamiana zinachagua siku 4, Jumatatu hadi Alhamisi. Kila asubuhi watoto wote wanakusanyika kwenye lupango moja, kuanzia 8:30 hadi 11:30, na kila familia ina siku yake ya kupokea. Kwa hiyo kila mzazi anatoa asubuhi moja na kupata tatu, yaani saa 9 kwa wiki. Ijumaa inaachwa wazi kwa ajili ya yule ambaye zamu yake ilivunjika kwa ugonjwa au msiba, ailipe siku hiyo. Watoto wakizidi 8, wawepo watu wazima wawili: mwenye lupango pamoja na nkambo (bibi au babu), shangazi au baba asiyekwenda kazini siku hiyo. Wenye umri chini ya miaka 3 wasizidi 2 kwa kila mtu mzima, na wanaonyonya wabaki na mama zao.

Mipango ya namna hii huvunjika katika wiki ya pili, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza ni kuchelewa kuja kuchukua watoto. Mama mmoja akija 12:30 badala ya 11:30 mara tatu, wenzake wanaanza kutafuta udhuru. Ya pili ni chakula, maana mwenye lupango hawezi kulisha watoto 10 kutoka mfukoni mwake. Kila mtoto aje na kikombe chake na kitu chake cha kula, hata kama ni kipande cha kiazi kitamu. Ya tatu ni watoto wagonjwa. Mwenye homa au kuhara habebwi kupelekwa kwa wenzake. Anayehara abaki nyumbani anyweshwe mara kwa mara lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru, na maji yanayobaki yamwagwe baada ya saa 24. Damu ikionekana kwenye choo, au mtoto akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mtu wa zamu hapiki, hafui wala hauzi makala (makaa) mlangoni kwa saa hizo 3. Tunasisitiza hili kwa sababu ndipo ajali zinapotokea: amegeuka kukoroga bukari (ugali), na mtoto wa miaka 2 amefika kisimani. Kabla watoto hawajaingia, azunguke lupango kwa dakika 10. Kisima kifunikwe kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Ndoo na beseni zimwagwe, kwani maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumzamisha mtoto anayetambaa. Mbabula (jiko la makaa) izimwe au ihamishiwe nyuma ya mlango uliofungwa. Petroli, mafuta ya taa na dawa kali ya kutengenezea sabuni visiwekwe kamwe kwenye chupa za limonadi. Mtoto akinywa kimojawapo asitapishwe, kwa maana kikipanda kinaunguza koo mara ya pili au kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuhusu michezo hatuna mengi ya kusema, watoto wa Lubumbashi wanajua kucheza. Kamba, mpira wa matambara na nzango (mchezo wa kuruka na kupiga makofi) vinatosha. Simu zibaki kwa wenyewe.

Sehemu ya siku inayowashinda wazazi wengi zaidi ni 16:30 hadi 18:00. Mtoto ana njaa, mzazi amechoka, maji hayajachotwa, mbabula haijashika, na pengine umeme nao umekatika. Vilio na makofi mengi hutokea wakati huo. Dawa yake ni kuhamisha kazi. Maharagwe yalowekwe usiku, yamwagwe maji yale na yapikwe asubuhi, yataiva upesi na kula makala kidogo. Sombe (majani ya muhogo) itwangwe na kuchemshwa asubuhi pia. Bidoni (madumu ya maji) zijazwe kabla ya saa sita ya mchana. Kisha saa 16:00 watoto wapewe kitu cha kushika tumbo: kikombe cha uji, au kiazi na karanga, lakini karanga za walio chini ya miaka 5 zitwangwe, zisiwe nzima, kwa kuwa zinaingia kwenye njia ya pumzi. Jioni inabaki kazi moja tu, kusonga bukari.

Tena, kuogesha na kulaza kuwe kazi ya baba au mtu mzima mwingine, kila siku na bila kuombwa. Katika beseni maji baridi yatangulie, ya moto yafuate, yapimwe kwa kiwiko. Anayetanguliza ya moto anamwachia mtoto nafasi ya kutumbukia kabla hayajapozwa. Kazi hii isitupwe kwa binti mkubwa eti kwa sababu yuko vakansini. Msichana wa miaka 10 anaweza kumchezesha mdogo wake mama akiwa karibu. Kumwachia kitoto kichanga nusu ya siku ni kumpa mzigo wa mtu mzima, na sisi hatukubaliani na desturi hiyo.

Usiku una shida zake. Kiangazi chetu hapa ni cha baridi na vumbi, na usiku wa Juni na Julai mara nyingine unashuka chini ya digrii 10. Mzazi aliyechoka anaingiza mbabula chumbani, anafunga madirisha na kusinzia. Makala yanayoungua, hata yaliyofunikwa na jivu, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Watu wanalala wasiamke. Mbabula itolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala, na watoto wavalishwe nguo 2 au 3 nyepesi, soksi na kofia. Watoto wachanga wasifunikwe uso. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, fungueni milango, tokeni wote nje, kisha mwende hospitali.

Penye mtoto mchanga, wazazi wagawe usiku mara mbili: mmoja akeshe na mtoto tangu 20:30 hadi 1:30, mwingine tangu hapo hadi asubuhi. Saa 5 mfululizo zinarudisha nguvu kuliko saa 8 za kuamshwa kila mara. Mama anayenyonyesha ataamka, ni kweli, lakini mwenzake amletee mtoto, ambadilishe nepi na kumrudisha. Asiye na mume amwite nkambo au dada yake kwa usiku 2 tu katika wiki, zinasaidia sana.

Kilio cha mtoto mchanga huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na mwezi wa pili, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Ameshiba, ni mkavu, hana homa, na bado analia? Mzazi akihisi hasira inapanda, amlaze chali kitandani mahali salama, atoke, anawe uso, akae dakika 10 kisha arudi. Kilio cha dakika hizo hakimdhuru mtoto. Kumtikisa kunamdhuru: kichwa chake ni kizito, shingo ni dhaifu, ubongo unagonga mfupa na mishipa ya damu inapasuka. Akiwa chini ya miezi 3 na joto lake likifika digrii 38, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Kuna uchovu ambao zamu haiuondoi. Mama ambaye kwa wiki 2 ana huzuni kila siku, au hapati usingizi hata mtoto akilala, au anawaza kujidhuru yeye au mtoto, ni mgonjwa. Hajarogwa wala si mvivu. Apelekwe kituo cha afya akiwa na mtu wa kumsindikiza, na asiachwe peke yake siku hiyo.

Mwisho, usingizi wa watoto wenyewe, maana wakilala 22:00 mzazi hana jioni. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Aliyezoea 22:00 hatalala 20:00 kwa amri ya siku moja. Atangulizwe dakika 15 kila baada ya siku 2, na aamshwe mapema kwa kiasi hicho hicho. Hesabu yake ni siku 16, kwa hiyo wanaoanza katikati ya Agosti watakuwa wamefika kengele ya Septemba inapolia.

Kundi la wauguzi na waalimu wa chekechea,
Lubumbashi